Mbogo Apata Gia Tano

Kwa miaka ishirini na miwili, gari la Mzee Elisaria wa Kirua Vunjo lilikuwa na dereva mmoja tu, naye ni Ndelilio. Si kwamba wengine hawakutaka. Mkwe wa mzee alilijaribu mwaka wa sabini na tisa, akafika mita mia mbili chini ya kanisa, akaliacha katikati ya barabara na kurudi kwa miguu akiwa amenuna. Fundi mmoja wa Himo, mtu aliyezoea malori ya tani saba, naye alilijaribu akaishia kuvutwa na trekta. Baada ya hapo watu wakaacha. Ikajulikana kwamba Mbogo ana mtu wake.

Mbogo ni jina alilopewa na watu wa Uchira kwa sababu ya mngurumo. Lilikuwa gari la milango miwili lililotoka Australia, refu mbele na fupi nyuma, rangi ya chungwa, injini ya pistoni nane. Aliyelileta ni mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa. Shamba lilipochukuliwa na serikali, mlowezi akafungasha, na gari akamuuzia Mzee Elisaria aliyekuwa na malori mawili ya kubeba mizigo. Pamoja na gari akampa na maneno: huyu kijana Ndelilio analijua, mchukue naye. Ndivyo Ndelilio alivyohama pamoja na gari, kama vile ni sehemu yake mojawapo.

Tatizo la Mbogo lilikuwa moja. Injini ilikuwa na nguvu kuliko giaboksi. Giaboksi yenyewe ilikuwa ya gia tatu, na kufikia miaka ya themanini gia ya pili ilikuwa imelika kiasi kwamba ukiiingiza inatoka yenyewe. Ndelilio alikuwa na namna yake. Alikanyaga klachi mara mbili, akasikiliza injini ishuke mpaka pale anapopajua yeye, akasukuma gia kwa vidole viwili kama anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano, kisha akaibana kwa goti mpaka mwisho wa mlima. Ukimuuliza anajuaje kwamba ni sasa, alikuwa akisema, "Najua." Hakuwahi kumfundisha mtu, hata mwanawe Ronald alipoomba.

Na katika ile miaka ambayo spea ilikuwa kitu cha kusikia tu, yeye ndiye aliyeliweka gari hai. Alitengeneza bushi, vile vipete vya kuzuia msuguano, kutokana na shaba ya bomba la zamani. Alishona kwa mkono mpira wa kuzuia oili. Mzee Elisaria aliwaambia wageni, "Gari ni langu, lakini mwenyewe ni Ndelilio," na Ndelilio aliyekuwa akisimama pembeni na kitambaa mkononi alijifanya hakusikia.

Faida yake kubwa ilikuwa kwenye harusi. Vunjo yote, binti wa mtu akiolewa, walikuja kumwomba mzee Mbogo ambebe bibi harusi, na ukimchukua Mbogo umemchukua na Ndelilio. Alivaa suti ya kahawia, akashuka taratibu, akamfungulia bibi harusi mlango mbele ya watu mia tatu. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipokatwa alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupewa. Mama mmoja wa Marangu aliwahi kusema hadharani kwamba harusi bila Ndelilio ni kikao tu. Maneno hayo aliyabeba nyumbani kwa mkewe Eliona, akamrudia mara tatu, na Eliona mara ya tatu akamwambia, "Baba Ronald, nimesikia."

Zikaja zama za ruksa, biashara ya bidhaa za nje ikafunguliwa. Mjini Moshi yakajaa magari yaliyotumika kutoka Japani, na injini na giaboksi zikaanza kushushwa kwenye makontena kama viazi. Watu ambao juzi walikuwa wakitembea kwa miguu sasa walikuwa na Korola. Ndelilio aliyatazama yale magari kwa dharau. Alisema ni magari ya kuendeshwa na mtu yeyote. Alilisema kama tusi.

Mzee Elisaria alifariki mwaka wa tisini na nne, na gari likabaki kwa mjane wake, Mama Elizabeth. Miaka miwili baadaye, mwezi wa saba, wakitoka shambani Kahe na magunia mawili ya mahindi kwenye buti, walianza kupanda kutoka Uchira, na pale kwenye kona ya kwanza gia ya pili ikalia mlio ambao Ndelilio hakuwahi kuusikia. Gari likasimama. Alipofungua nati ya chini ya giaboksi, oili ilitoka na meno ya chuma matatu.

"Ndiyo basi?" Mama Elizabeth aliuliza, akiwa bado amekaa ndani na kitambaa chake cha kichwa kimenyooka.

"Siyo basi, Mama. Nipe wiki tatu, nitatafuta namna."

Alikuwa na hakika. Alimjua mzee mmoja Arusha mwenye giaboksi mbovu ya gari la namna ile ile. Angetoa meno huku, angetoa shafti kule. Usiku ule alilala akipanga kazi kichwani, na kusema kweli alikuwa na furaha. Gari lilikuwa limemhitaji tena.

Lakini Mama Elizabeth alikuwa na binti, Doris, mwalimu wa hesabu katika sekondari moja mjini, mwenye umri wa miaka thelathini na moja, aliyejifunza udereva Dar es Salaam kwenye gari la rafiki. Doris akasema, "Mama, tusihangaike na ile takataka ya gia tatu. Kuna fundi pale Majengo mjini, anaitwa Godlove. Anafunga giaboksi ya Dyna ndani ya magari ya kila aina."

Ndelilio alikuwa anakunywa chai sebuleni. Alikiweka kikombe chini.

"Dyna ni lori," alisema.

"Ndiyo, baba. Ndiyo maana ina nguvu. Gia tano."

"Haitaingia."

"Godlove anasema itaingia."

"Ameliona gari?"

"Bado."

"Basi anasemaje?"

Mama Elizabeth aliwatazama wote wawili, akasema gari lipelekwe Majengo, likaangaliwe. Chai ya Ndelilio haikuisha siku ile.

Godlove alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na minane, mtoto wa wakulima wa Old Moshi, mwenye sauti ndogo ambayo ilikulazimu usogee karibu umsikie. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye uzio wa mabati na mti mmoja wa mwarobaini. Alimwamkia Ndelilio, "Shikamoo mzee," akasubiri aitikiwe, ndipo akafungua boneti. Aliitazama injini kwa muda mrefu bila kugusa chochote.

"Mzee, hii umeitunza wewe?"

"Mimi."

"Sijawahi kuona injini ya umri huu safi hivi."

Angekuwa mtu mwingine, Ndelilio angefurahi. Lakini sifa ile ilimchoma, kwa sababu ilitoka kwa mtu aliyekuja kumnyang'anya. Ndivyo alivyoiona. Alisimama pale akitafuta kasoro ya kijana huyu na hakuipata, na kule kutoipata kukamzidishia uchungu.

Siku nne za kwanza alikwenda gereji kila asubuhi, akisema anamwakilisha Mama. Alikaa juu ya tairi lililolala, mikono magotini, akatazama. Walilishusha giaboksi la zamani, dogo, limelowa oili, likawekwa juu ya gunia. Pembeni yake wakaliweka lile la Dyna, refu karibu mara moja na nusu, mbavu zake za chuma nene. Hata mtoto angeona lipi ni lipi. Ndelilio alijikuta akilionea huruma lile dogo, akalionea wivu lile kubwa, akajishangaa kwamba mtu mzima anaweza kukionea chuma wivu.

Kazi yenyewe haikuwa rahisi, na hilo alilifurahia. Injini na giaboksi havikuwa vya ukoo mmoja. Matundu ya bolti hayakukutana. Godlove alikata karatasi ngumu kwa kufuata umbo la injini, akakata nyingine kwa kufuata umbo la giaboksi, akazilaza moja juu ya nyingine, akaenda nazo kwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Akarudi na sahani ya chuma yenye unene wa kidole, upande mmoja matundu ya huku, upande mwingine matundu ya kule. Shafti ya giaboksi ilikuwa fupi haifiki kwenye beringi ya nyuma ya injini. Akakerezewa bushi ya kuifikisha. Klachi alichanganya: kifuniko cha klachi ya zamani, sahani ya Dyna. Kila jambo ambalo Ndelilio aliliwaza kimoyomoyo, hapa atakwama, kijana alikuwa ameshaliwaza.

Siku ya tatu Doris alipita baada ya vipindi, bado ana chaki kwenye sketi. Akainama, akamuuliza Godlove maswali, akashika sahani ile ya chuma na kuigeuza. Wakacheka jambo fulani. Ndelilio juu ya tairi lake hakusikia ni jambo gani, lakini alihisi ni yeye. Haikuwa yeye. Walikuwa wanacheka kwa sababu Doris alipima kwa rula yake ya darasani na kukuta sahani iko sawasawa hadi milimita.

"Likimalizika utanifundisha kona za Kirua, baba?" Doris alimwuliza wakati anaondoka.

"Utafundishwa na giaboksi," alisema Ndelilio.

Doris alicheka akidhani ni utani.

Siku ya nne ndipo lilipotokea lile jambo. Godlove alikuwa amelala chini ya gari, akaita, "Mzee, njoo kidogo." Ndelilio akapiga goti na kuchungulia. Kijana alikuwa ameshika tochi akimulika ule mhimili unaopita chini kwa chini kutoka ubavu hadi ubavu, ule unaobeba uzito wa giaboksi. Alikuwa amekwangua lami iliyopakwa juu yake. Chini ya lami palikuwa na mchomeleo wa zamani, mbaya, wenye vinundu.

"Huu mchomeleo unaujua? Palikuwa na ufa hapa?"

Ndelilio aliujua. Mwaka wa themanini na tatu, mzee akiwa Dar, alichukua gari bila ruhusa kwenda Kahe kwa shemeji zake, apate kuonekana tu, na akarudi kwa njia ya mashambani akakanyaga kisiki. Mhimili ukapasuka. Alichomelewa Himo na mtu ambaye hakuwa fundi hasa, akapaka lami, akanyamaza. Miaka kumi na mitatu alinyamaza, mzee akafa hajui.

Doris alikuwa amesimama pale karibu, amekuja na chapati za mafundi. Hilo lilikuwa sababu moja. Lakini hata kama asingekuwepo, Ndelilio alijua baadaye, asingesema. Kwa sababu katika ile dakika, akiwa amepiga goti, wazo lilimwingia likakaa: giaboksi hili ni zito. Mhimili huu hautalibeba. Acha walifunge.

"Sijui," alisema. "Labda lilikuja hivyo."

Godlove alimtazama kutoka kule chini. Kisha akazima tochi. "Sawa, mzee."

Akachukua drili, akatoboa matundu mawili kwenye mhimili ule ule ili kushikiza giaboksi apate vipimo. Ndelilio aliona matundu yale. Akasimama, akajipangusa suruali, akasema mgongo unamsumbua, akapanda gari la kurudi Kirua. Hakwenda tena gereji.

Siku zilizofuata alizipitisha kihambani kwake, kwenye migomba inayozunguka nyumba, akikata majani kwa ajili ya ng'ombe. Eliona alimwona anakata hata yale ambayo hayahitaji kukatwa.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi una nini?"

"Wameweka lori ndani ya gari," alisema. "Sasa mtu yeyote ataendesha."

Eliona alikuwa anachambua kahawa kwenye ungo. "Na ubaya wake ni nini, mtu yeyote akiendesha?"

Alimkasirikia kwa swali lile siku nzima.

Alhamisi Mama Elizabeth alimwita nyumbani kwake. Akamwambia kazi imekwisha. Jumamosi yeye Mama atashuka mjini, na Doris atamleta juu na Mbogo, Godlove akiwa ndani asikilize gari linavyopanda. "Nataka na wewe uwepo," alisema. "Ulijue."

"Mgongo, Mama."

"Bado?"

"Bado."

Mama alimtazama kwa namna ya mtu anayejua kwamba tatizo si mgongo. "Basi pumzika."

Usingizi haukumjia vizuri, lakini si kwa hofu, bado. Alikuwa akifikiria Doris pale kwenye kona ya kwanza, watu wa Uchira wakitazama, na giaboksi likilia na gari likisimama, na mtu akisema, mwiteni Ndelilio. Aliiona picha ile mara nyingi, kila mara kwa utamu. Jumamosi asubuhi, akiwa anajiosha uso kwenye beseni, picha ikabadilika bila yeye kuibadilisha. Aliona mhimili ukikatika wakati gari liko kwenye mteremko ule wa juu ya korongo, propela, ile nondo ndefu inayozungusha magurudumu ya nyuma, ikianguka na kuchimba barabara, gari likigeuka. Na ndani yake ameketi Mama Elizabeth na kitambaa chake kimenyooka.

Alitoka bila kunywa chai. Aliteremka kwa miguu, akikata kona kwa kupita kwenye vihamba vya watu, akiamkiwa na kuitikia bila kusimama. Alifika Uchira saa nne kasoro, pale ambapo barabara ya lami inaachana na barabara ya mlimani. Akina mama waliouza ndizi walikuwa wameshapanga mikungu yao.

"Meku, unasubiri gari?" mmoja akamwuliza, kwa neno la kikwao la kumheshimu mzee.

"Nasubiri."

Alisimama. Hakukaa hata alipopewa kigoda. Saa nne na nusu akausikia mngurumo kabla hajaliona gari, na hata katika hali ile moyo wake uliruka kwa fahari, kisha ukauma, kwa sababu mngurumo ulikuwa ukibadilika pasipo ule mkwaruzo mdogo ambao yeye peke yake alijua kuuficha. Moja, mbili, tatu, nne. Doris alikuwa akibadilisha gia kama anayefunua kurasa za kitabu.

Aliingia katikati ya barabara, akainua mikono yote miwili.

Mbogo akasimama. Doris akatoa kichwa dirishani. "Baba? Kuna nini?"

Ndelilio akapita upande wa pili, akafungua mlango wa Mama Elizabeth kama alivyokuwa akiwafungulia mabibi harusi. "Mama, shikamoo. Shuka. Tafadhali usipande na hili gari."

"Kwa nini?"

"Mhimili wa chini umepasuka. Niliupasua mimi, Kahe, mwaka wa themanini na tatu. Nilikwenda na gari bila ruhusa. Nikaupaka lami. Hautabeba."

Mlango wa upande wa Doris ukafunguka, kiti kikasukumwa mbele, na Godlove aliyekuwa nyuma akajikunjua akatoka. Akatandika koti lake barabarani, akalala chali, akaingia chini mpaka kiunoni.

"Mzee, njoo," ilisikika ile sauti ndogo.

Ndelilio akalala naye juu ya mchanga, na suruali yake safi. Pale palipokuwa na mhimili wa zamani palikuwa na chuma kipya kinene, kimekunjwa kama mfereji, kimepakwa rangi nyekundu, na bolti nne kila upande.

"Ule wa zamani nimeutupa kwenye vyuma chakavu," Godlove alisema polepole, wakiwa wamelala ubavu kwa ubavu. "Zile tundu zilikuwa za vipimo tu. Nilipoutoa niliugonga na nyundo, ukaachana vipande viwili."

"Ulijua kwamba najua?"

"Nilidhani utaniambia kesho yake. Hukuja."

Walipotoka chini ya gari, Mama Elizabeth alikuwa ameshuka. Alikuwa mwanamke mfupi, na siku zote alimtazama Ndelilio kwa kuinua uso. Safari hii hakuinua. Aliyatazama magoti yake yenye vumbi.

"Godlove alipokuuliza, ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Doris alikuwepo. Ulijua ndiye atakayeendesha."

"Nilijua."

"Sasa ulitaka nini?"

Angeweza kusema aliona aibu. Ingekuwa kweli nusu. "Nilitaka libomoke," alisema. "Nilitaka mniite."

Doris akageuka akatazama upande wa mlima. Mama Elizabeth akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuagiza chumvi dukani, "Sogea pembeni, Baba Ronald, tupite." Akapanda. Milango ikafungwa. Hawakumwambia aingie naye hakuomba.

Akasimama akawasikiliza. Kona ya kwanza, pale ambapo kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akibana gia kwa goti na jasho likimtoka, injini haikubadilika hata kidogo. Gia ya tatu. Aliisikia wazi: Doris alikuwa anapanda kona ile na gia ya tatu. Ametubu mbele ya wauza ndizi, amepata fedheha ya maisha, na bado kitu kilichomuuma zaidi ya vyote kilikuwa ile gia ya tatu. Alipanda mlima mzima kwa miguu, na njia nzima alikuwa akiiwaza.

Jumatatu Mama alimwita akamwambia hatamfukuza. Mzee asingependa. Lakini Ndelilio hatalishika lile gari mpaka yeye atakaposema. Atakwenda na ile pikapu ya kubebea mazao Chekereni kuchukua mchele na Kahe kuchukua mahindi. Ndelilio akaitikia. Mambo ya Uchira yalikuwa yameshafika Kirua kabla yake, na Jumapili kanisani watu walimsalimia kwa upole uliozidi, kama mtu aliyefiwa.

Harusi ziliendelea. Sasa walimwita Doris. Watu waliokuwa wakija kumtazama bibi harusi walianza kuja kumtazama mwalimu wa hesabu akimpandisha Mbogo mlimani kwa mkono mmoja. Alipoolewa Magreth, mtoto wa dada yake mwenyewe, Ndelilio alisimama katikati ya wageni na suti yake ya kahawia, akaona gari linaingia uwanjani, akaona Doris akishuka na kufungua mlango. Aliufungua vibaya, haraka mno. Bibi harusi alikanyaga shela. Ndelilio aliona, akafurahi furaha ndogo chungu, kisha akajichukia. Eliona aliyekuwa karibu naye alimshika mkono akaubana.

Yule aliyemfaa katika miezi ile alikuwa Godlove, jambo ambalo hakulitegemea. Pikapu ilikuwa ikiharibika mara kwa mara, na hakukuwa na gereji nyingine ambayo Mama aliiamini. Mara ya kwanza Ndelilio alikaa juu ya lile tairi akatazama. Mara ya pili Godlove alimpa kabureta iliyomshinda. Ilikuwa ya gari la zamani la misheni, na spea zake hazikupatikana hata Dubai. Ndelilio aliishika, akainusa, akasema, "Nipe kipande cha shaba." Akafanya kazi mpaka jioni. Baada ya hapo, kila kilipoletwa kitu cha zamani ambacho hakikuwa na spea, kiliwekwa kando kikimsubiri. Hawakuwahi kuzungumza habari za ule mhimili.

Mwanzoni mwa mwaka wa tisini na nane, baada ya zile mvua kubwa zilizokata barabara nyingi, Doris alijifungua mtoto wake wa kwanza, na Mama Elizabeth akahitaji kushuka mjini kumwona. Akatoka nje na funguo mkononi.

"Baba Ronald. Twende."

Alikaa kwenye kiti alichokijua kuliko kitanda chake. Akawasha. Akaachia klachi pale pale alipozoea kuiachia, na gari likazima. Klachi ya sasa ilikuwa inashika juu zaidi. Akawasha tena, likazima tena. Vijana waliokuwa wakipakia ndizi barabarani waliacha kupakia. Mama Elizabeth alikuwa akitazama mbele.

"Pole pole," alisema. "Hata Doris alilizima siku ya kwanza."

"Mara ngapi?"

"Sikumbuki. Mara nyingi."

Hakujua kama ni kweli au amesema tu kumsitiri. Mara ya tatu gari likaondoka. Walishuka mpaka Uchira bila yeye kufanya lolote la ajabu, kila gia ikiingia na kukaa, na walipoingia lami aliweka ya nne, kisha, kwa mkono ambao haukuwa na uhakika unakwenda wapi, akaitafuta ya tano. Injini ikatulia. Mngurumo ukawa mnong'ono. Miaka yote ile hakuwahi kumsikia Mbogo akiwa ametulia namna ile kwenye kasi ile. Siku zote alidhani kelele zile ndizo asili yake.

"Linakwendaje?" Mama aliuliza.

Alipita nguzo kadhaa za umeme kabla ya kujibu. "Linakwenda vizuri, Mama."

Aliendelea kuliendesha, akipokezana na Doris, mpaka mwaka wa elfu mbili na tatu macho yalipomkataza. Harusi wakagawana: Doris za Marangu, yeye za Kirua. Hakuwahi kukubali kwamba Doris anaendesha vizuri, alisema anafika. Na wageni walipolisifia giaboksi lile na kumuuliza nani alilifunga, Ndelilio alikuwa akipangusa boneti kwa kitambaa na kusema, "Kijana mmoja hivi, wa mjini," kisha akageuza mazungumzo yaende kwenye injini.